OpenSim: ni ya bure na ina uwezo mkubwa, lakini haisamehe uzembe

Kwa anayetaka kusomea bayomekanika ya kompyuta, awe Nairobi au Delft, programu ya kuanza nayo ni OpenSim, inayoiga mwendo wa mifupa na misuli ya mwili. Ilitolewa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2007, ni programu huria, haidai ada ya leseni, na kompyuta mpakato ya kawaida yenye Windows au Mac inaibeba. Anayetafuta nafasi ya uzamivu nje ya nchi ananufaika zaidi: modeli aliyoijenga nyumbani, faili ya .osim, inafunguka vilevile kwenye maabara anayoiomba.

Mafunzo yake mengi hutumia modeli ya gait2392, yenye digrii 23 za uhuru (njia ambazo viungo na mwili vinaweza kujongea) na vitendeshi 92 vinavyowakilisha misuli. Ni nyepesi, inafaa kujifunzia. Kwa kazi ya kuchapisha, afadhali modeli ya Rajagopal ya mwaka 2016, yenye misuli 80 ya miguu.

Mtiririko wa kazi ni huu: unaipimisha modeli ilingane na mwili wa mhusika kwa kutumia rekodi yake akiwa amesimama tuli, unatafuta pembe za viungo kutokana na alama zilizobandikwa mwilini, unakokotoa momenti (nguvu za kuzungusha viungo) kwa kuongeza nguvu kutoka sahani ya sakafuni inayopima msukumo wa miguu, kisha unagawa momenti hizo kwa misuli. Hatua ya kwanza ndiyo inayoamua mengine yote, na ndiyo watu wanayoikimbiza. Alama za kwenye mifupa, kama vifundo vya miguu na ncha za nyonga, zisipishane na za modeli kwa zaidi ya sentimita 2. Wakati wa kutembea, wastani wa kosa ubaki chini ya sentimita 2, na alama moja moja isizidi 4. Zaidi ya hapo, rudi kwenye upimishaji; usiendelee mbele ukitumaini mambo yatajirekebisha.

Matatizo mengi hayatoki kwenye programu, yanatoka kwenye faili unazoilisha. OpenSim huhesabu mhimili wa Y kuwa wa juu na X wa mbele, ilhali maabara nyingi hurekodi Z kuwa juu. Usipozungusha data, mtu analala ubavu hewani. Ukiandika m (mita) kwenye kichwa cha faili ya .trc, inayobeba mahali pa alama, wakati vipimo ni vya milimita, alama zinatawanyika mbali kabisa na modeli. Kosa baya zaidi halionekani kwa macho: nguvu ya mguu wa kulia kupachikwa calcn_l, yaani kisigino cha kushoto. Programu haitalalamika, itakupa momenti za goti zisizo na maana, kwa grafu safi kabisa.

Kwa hiyo angalia nguvu baki kwenye fupanyonga, zile ambazo programu huongeza ili kusawazisha hesabu, kabla ya kuamini jibu lolote. Zisizidi asilimia 5 ya kilele cha nguvu ya ardhi. Kwa mtu wa kilo 70 anayetembea kawaida, hiyo ni kama niutoni 38. Ukokotoaji wa misuli ukigoma, mara nyingi umesahau faili ya vitendeshi vya akiba, ambavyo husaidia viungo pale misuli isipotosha. Viongeze, ila viwe dhaifu, la sivyo vitafanya kazi ya misuli na matokeo yatakudanganya.

Jaribio la kweli ni goti. Kwenye SimTK, tovuti ya kushirikiana modeli na data za bayomekanika, kuna data za wagonjwa waliowekewa magoti bandia yenye vihisi, zinazopakuliwa bure. Mzigo uliopimwa ndani ya goti wakati wa kutembea ni kama mara 2 hadi 3 ya uzito wa mwili. Modeli yako ikitoa mara 5, misuli imekazwa kupita kiasi. Zoezi hili linafundisha kuliko mwongozo wa programu, ambao ni mrefu ila bado unaacha ujumbe wa makosa wa programu ukiwa fumbo.

Asiye na maabara ya kamera atumie OpenCap, pia ya Stanford, inayopima mwendo kutokana na video za simu: inahitaji simu mbili za iPhone, vishikizo viwili na ubao wa miraba uliochapishwa. Miraba ipimwe kwa rula baada ya kuchapisha, maana printa ikipunguza ukurasa, urefu wa mtu nao unapungua. Anayetaka mkazo ndani ya gegedu au mfupa asiutafute humu: OpenSim huichukulia mifupa kuwa migumu isiyopinda. Huyo ahamie FEBio, programu ya kukokotoa mkazo ndani ya tishu, ambayo nayo ni bure, akibeba nguvu za misuli alizopata hapa.