Undisputed au Fight Night Champion? Gemu za ndondi kwa mchezaji wa Kisumu

Mtu anayetoka kwenye gemu ya mpira na kushika ndondi kwa mara ya kwanza hupigwa kwa sababu moja: anabonyeza vitufe bila kupumzika. Kwenye mpira, mchezaji wako akichoka bado una wengine kumi. Ulingoni uko peke yako. Pumzi ikiisha, ngumi zinakuwa nyepesi, mikono inachelewa kurudi usoni, na jabu (ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele) ya kawaida tu inakuyumbisha. Ndiyo maana vijana wanaotawala vibanda vya gemu pale Kondele kwa mpira wanaweza kulambishwa sakafu raundi ya pili na mtu asiyejua chochote zaidi ya kurusha jabu na kurudi nyuma.

Gemu mbili ndizo zinazostahili pesa yako, na zimeachana kwa zaidi ya miaka 13. Fight Night Champion ya EA ilitoka Machi 2011 kwa PS3 na Xbox 360. Undisputed ni ya Steel City Interactive, kampuni ya Sheffield, Uingereza. Ilianza kuuzwa Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, Januari 2023 ikiwa bado haijakamilika, kisha toleo kamili likafika Oktoba 2024 kwa PS5, Xbox Series na kompyuta. Ya PS4 haipo, kwa hiyo uliza kibanda kina mashine gani kabla hujalipia muda.

Undisputed inashinda kwenye miguu. Bondia anatembea kama bondia: kuna mwendo mzito wa kujipanga na mwendo mwepesi wa kuzunguka, na umbali wa nusu hatua unaamua kama ngumi inagonga au inapita hewani. Hilo ndilo jambo la kwanza la kujifunza, na halifundishwi kwa kurusha ngumi nyingi. Chukua raundi nzima utumie jabu peke yake. Tazama inapofika shabaha na inapokosa, halafu simama hatua moja nje ya hapo. Mpinzani akiingia na mkono mzito na kukosa, ingia wewe: jabu, mkono wa nyuma, ngumi ya kupinda ubavuni, kisha toka. Ngumi tatu zinatosha. Ya nne na ya tano ndizo zinazokumaliza, kwa sababu ngumi iliyokosa hula pumzi zaidi kuliko iliyogonga, na ngumi nzito iliyokosa ndiyo hasara kubwa kuliko zote.

Mabondia wamezidi 70, wakiwemo Ali, Canelo, Fury na Usyk. Usyk huwasumbua wengi kwa kuwa husimama mkono wa kushoto (wa kulia mbele, wa kushoto mzito nyuma), na wao wanaendelea kuzunguka upande uleule waliouzoea, moja kwa moja kuelekea mkono wake mzito. Ukiwa na bondia wa mkono wa kulia, zunguka kushoto kwako na uweke mguu wako wa mbele nje ya wake. Jabu yako itagongana na yake mara kwa mara, kwa hiyo fungua na mkono wa nyuma badala yake.

Inapochosha ni sehemu ya maisha ya bondia. Unaajiri kocha na meneja, unapanga wiki za kambi, unapima mazoezi dhidi ya uchovu. Mara ya kwanza inavutia. Baada ya mapambano kadhaa ni orodha zilezile, na kosa la kawaida ni kufanya mazoezi makali hadi wiki ya mwisho, ukapanda ulingoni ukiwa umechoka kabla kengele haijalia. Tena, ngumi za Undisputed hazina ule mshindo. Unamgonga mtu kidevuni na wakati mwingine huwezi kujua kama ameumia mpaka uangalie vipimo kwenye skrini.

Hapo ndipo gemu ya 2011 bado haijapatiwa mpinzani. Kwenye Fight Night Champion unaona shavu likitikisika na jicho likivimba, na sikio linakuambia ngumi imeingia vizuri hata kabla ya jicho. Kijiti cha kulia cha padi kinarusha ngumi kwa kukisukuma upande unaotaka, ila anayependa vitufe anavitumia pia, na kwa anayeanza vitufe ni rahisi zaidi.

Ina hadithi ya bondia aitwaye Andre Bishop, na ndani yake kuna mafunzo bora kuliko somo lolote la kwenye menyu. Pambano moja anaumia mkono wa kulia, na wewe unalazimika kushinda kwa kushoto. Unaposhindwa mara kadhaa ndipo unagundua ulikuwa hujui kutumia jabu. Mwisho kuna Isaac Frost, ambaye amewafanya wengi watupe padi. Kosa ni kumvaa tangu kengele ya kwanza. Kocha wako anakupa kazi kwa awamu, na ukimsikiliza utapita: mwanzoni kwepa tu, usitafute sifa, baadaye mshambulie mwilini mpaka apungue, nokauti iache mwishoni. Anayemkimbilia kichwani mapema hulala. Ndani ya gemu hiyo pia kuna Ali, Tyson na Pacquiao, na kwa mechi za marafiki hao watatu peke yao ni burudani ya Jumapili nzima.

Kabla hujalaumu gemu, kagua vifaa. Tivii ikiwa haijawekwa hali ya gemu, picha inachelewa kidogo. Kwenye mpira huenda usihisi, lakini kwenye ndondi unakinga wakati ngumi imeshatua. Padi za vibandani nazo vijiti vimelegea. Weka padi mezani bila kuigusa: bondia akijisogeza mwenyewe, omba nyingine, maana hutaweza kupima umbali hata ufanyeje. Halafu punguza raundi kwenye mipangilio. Raundi 12 za dakika 3 ni dakika 36 bila kuhesabu mapumziko, na aliyeko kwenye foleni nyuma yako hatakuvumilia. Raundi 4 zinatosha kwa ubishi wa kawaida.

Kwenye simu, Fight Night Round 3 ya PSP, mashine ya gemu ya mkononi ya Sony, inachezeka kwa programu ya kuiga PSP iitwayo PPSSPP, ila PSP ilikuwa na kijiti kimoja tu, kwa hiyo ngumi ni za vitufe na ule ufundi wa kijiti cha kulia haupo. Real Boxing 2 ni bure kupakua, lakini haitachelewa kukuonyesha duka.

Ukiwa na PS5 au kompyuta yenye nguvu, nunua Undisputed ikiwa imepunguzwa bei, ucheze na watu na usahau maisha ya bondia. Vinginevyo tafuta Fight Night Champion ya mtumba. Diski ya PS3 haichezi PS4 wala PS5. Ya Xbox 360 inachezeka Xbox One na Series X, ila mashine itapakua faili kwanza, kwa hiyo weka bando la kutosha. Series S haina sehemu ya kuingiza diski. Muuzaji akikuambia itaingia, endelea na safari yako.