Miaka Miwili na Mtambo wa Biogesi Njoro: Tathmini ya Mtumiaji

Mtambo wa biogesi, yaani gesi ya kupikia inayotokana na samadi, uliojengwa nyuma ya zizi letu hapa Njoro umetimiza miaka miwili, na kwa kuwa majirani kadhaa wameniuliza kama wajenge wao pia, nimeona heri nieleze kwa ukamilifu yale niliyoyaona. Mwenye ng'ombe wawili wa kufugiwa zizini na maji ya karibu ajenge bila kusita. Asiye na kimojawapo asubiri kwanza.

Mtambo wetu ni wa kuba, umejengwa kwa matofali na saruji chini ya ardhi, na ujazo wake ni mita za ujazo 8. Gharama, pamoja na uchimbaji, mabomba na jiko, ilipita shilingi 100,000, tukailipa kwa awamu tatu kutokana na mauzo ya maziwa. Fedha hizo si kidogo. Hata hivyo, kabla ya hapo tulikuwa tukinunua gunia la makaa kila mwezi na kuni juu yake, na mama mkwe wangu, aliyepikia mafiga tangu usichana wake, hakuwa akiamka bila kikohozi. Inanisikitisha kwamba kaunti hii ya Nakuru, yenye visima vya mvuke vya Olkaria vinavyozalisha sehemu kubwa ya umeme wa nchi, bado ina jikoni nyingi zilizojaa moshi.

Kila asubuhi ndoo mbili za samadi, kilo 40 hivi, hukorogwa na maji ya kiasi hichohicho, mawe na majani makavu yakiondolewa. Ndani ya kuba, mahali pasipoingia hewa, bakteria huiozesha samadi na kutoa methani, ambayo ndiyo huwaka. Baada ya kuujaza mara ya kwanza tulingoja karibu mwezi mzima, na gesi ya siku za mwanzo haikushika moto kwa kuwa methani ilikuwa bado haijatosha. Sasa tunapata moto wa samawati kwa saa tatu hivi kwa siku, unaotosha chai, ugali na mboga, na hata githeri ikiwa mahindi yamelowekwa usiku. Mwezi wa Julai, baridi inapokaza, bakteria hulegea na saa hizo hupungua hadi mbili. Walio Kisumu, kwenye joto la mwaka mzima, hawatapata taabu hii. Huku kwetu nyanda za juu sipendekezi mtambo mdogo kuliko wetu.

Kuba yenyewe haijawahi kuvuja, lakini fundi wetu alililaza bomba la jikoni likiwa limebonyea katikati. Gesi hii hutoka na mvuke; mvuke ulipopoa uligeuka maji, maji yakatuama pale, na moto ukawa ukirukaruka hadi ukazimika kabisa. Ilitubidi tumlipe fundi mwingine afukue bomba, arekebishe mteremko na kuweka koki ya kutolea maji. Kagueni mteremko huo kabla udongo haujarudishwa. Vilevile mdai jiko lililotengenezwa kwa biogesi, kwani tundu la jiko la gesi ya mtungi ni dogo mno kwa gesi hii.

Faida ambayo sikuitarajia ni tope linalotoka upande wa pili. Halina harufu kali kama samadi mbichi, nzi hawalifuati, na tukilimwaga kwenye nyasi za nepia huchipua upesi baada ya kukatwa, kiasi kwamba ng'ombe walewale wanaoulisha mtambo wanalishwa nao. Kwa sukuma wiki sijanunua mbolea ya dukani tangu msimu uliopita.

Mama mkwe, aliyehofia kwamba chakula kingenuka zizi, sasa ndiye anayefungua valvu alfajiri kabla yangu. Anayetaka kuuona mtambo ukifanya kazi aje saa moja asubuhi, wakati wa kukoroga samadi, avae gambuti.