Makabati ya dukani au fundi seremala? Jiko langu la Uyole limekula yote mawili

Kaunta ya jiko letu ilimwagwa zege kabla sijawaza makabati. Fundi ujenzi alisimamisha nguzo tano za tofali za kuchoma, akamwaga slabu juu yake, tukapiga vigae, tukahamia. Nyumba nyingi huku Uyole, Mbeya, ziko hivyo. Chini ya slabu unaning'iniza pazia la kitenge, na nyuma ya pazia kuna masufuria, ndoo ya unga na panya anayejiona mwenye nyumba. Nimeishi na pazia hilo miaka miwili. Mwaka jana mwezi wa nne nikasema sasa basi.

Nilianzia dukani, na hapo ndipo nilipoteleza.

Duka lenyewe liko mjini, silitaji jina. Seti ilikuwa nyeupe, inang'aa, milango ukiisukuma inajifunga yenyewe taratibu bila kelele. Maboksi manne ya chini na matatu ya juu, shilingi 1,650,000. Kijana wa mauzo akaniambia, "Dada, hizi zinaingia jiko lolote." Nami nilikuwa nimejipimia nyumbani kwa futi ya cherehani, ukuta hadi ukuta, sentimita 342. Kila boksi la chini lilikuwa na upana wa sentimita 80, manne ni 320, nafasi inabaki. Nikatoa 300,000 ya kushikilia mzigo, nikarudi nyumbani natabasamu kwenye daladala.

Mume wangu akaniuliza swali moja tu: "Na nguzo utazimeza?"

Kweli, nguzo sikuzihesabu. Nilipima juu ya kaunta, kumbe maboksi yanakaa chini yake. Tukachuchumaa na futi ya chuma tukapima upya. Nafasi kati ya nguzo na nguzo zilikuwa 74, 66 na nusu, 71, na 70. Hakuna hata moja ya 80, na hakuna mbili zinazolingana. Kimo nacho kilikuwa 79 upande wa dirishani na 77 upande wa mlangoni, kwa sababu sakafu ina mteremko ambao sikuwahi kuuona mpaka siku hiyo. Boksi la dukani na miguu yake ya plastiki lina kimo cha 82. Ili liingie ningevunja slabu, yaani ninunue kabati la kuniharibia jiko.

Nilirudi dukani kesho yake. Hela hairudi, nikaambiwa, ila naweza kuchukua mzigo mwingine. Kwenye karatasi niliyosaini maneno hayo yalikuwepo, chini kabisa, kwa herufi za kusomea darubini. Nikachukua yale matatu ya juu peke yake kwa 570,000, nikaongeza 270,000. Kwa hiyo nusu ya uamuzi wangu ilifanywa na ile risiti.

Kilichonituliza ni safari ya Iringa. Wifi yangu anakaa Kihesa, yeye alinunua seti kamili, chini na juu, na jiko lake halikuwa na slabu kwa hiyo yalimkaa vizuri. Nilipofungua mlango wa chini ya sinki nikaona ubao wa pembeni umevimba kama andazi lililosahauliwa kwenye chai. Bomba lilivuja kidogo tu, anasema, siku mbili tatu. Hizi bodi ni vumbi na vipande vya mbao vilivyoshindiliwa kwa gundi; maji yakipenya pale utepe wa ukingoni ulipobanduka, zinavimba na hazirudi. Ukizikausha zinabaki zimetutumka, na skrubu ikishalegea haipati tena pa kung'ata. Makabati yake ya juu, ambako maji hayafiki, bado ni mazuri kama siku ya kwanza.

Basi chini nikatafuta seremala.

Huyu ni mzee, karakana yake iko njia ya Iyunga, nilielekezwa na mwenzangu wa wodini. Nilimpa shikamoo, nikamtajia vipimo vyangu, akacheka. "Vipimo vyako baki navyo, mwanangu. Nitakuja mwenyewe." Alikuja na futi, penseli sikioni na kamba. Kila nafasi aliipima upana mara tatu, juu, katikati na chini, halafu akavuta kamba kona kwa kona, kushoto kwenda kulia, kisha kulia kwenda kushoto. Upana ukiwa mmoja na kamba mbili zikilingana, kona za nafasi zimekaa mraba. Ya kwetu hakuna iliyolingana. Hakuwa na daftari, namba zote aliandika kwa penseli kwenye nguzo zenyewe. Mpaka leo nikiinama kuchukua sufuria nazisoma: 74, 73.6, 74.2.

Bei yake ilikuwa 1,400,000 kwa nafasi tatu: fremu, milango, rafu na droo mbili, vifaa juu yake. Ukipiga hesabu ya boksi kwa boksi, fundi ni ghali kuliko duka, tusidanganyane.

Nilienda karakanani kuona mbao, na nawashauri wote mwende. Huku kwetu paina si shida, malori ya Mafinga yanapita kila siku yakiwa yamejaa mbao za mashamba ya Sao Hill. Shida ni mbao mbichi. Mzee alinipa vipande viwili vya ukubwa mmoja, kimoja mkono huu kimoja mkono ule. Kimoja kilikuwa kizito kama kimelowekwa. "Hiki kilikatwa juzi. Nikikutengenezea mlango leo, mwezi wa tisa utaona mwanga katikati." Akanieleza kwamba mbao ikikauka hupungua upana, urefu wake karibu haubadiliki, ndiyo maana milango mingi hupasuka kwa wima. Kipande cha katikati cha mlango yeye hakigundishi. Anakichomeka kwenye mfereji wa fremu na kukiacha kicheze, mvua zikija kinatanuka, kipupwe kikija kinanywea, na fremu haijui kitu. Nilisimama pale kwenye maranda nikamsikiliza kama niko darasani.

Sasa lawama. Aliahidi wiki tatu, zikawa saba. Umeme ulikatika, kukawa na msiba Tukuyu, bawaba zikaisha dukani, kisha kukawa na msiba mwingine. Simu alikuwa anapokea, hilo nampa, lakini kila akipokea anasema "kesho asubuhi". Kosa ni langu pia maana nilimlipa 1,000,000 mwanzoni. Mtu mwenye milioni yako mfukoni ana haraka ya nini? Ningegawa mara tatu: hela ya mbao, hela ya kati nikiona fremu zimesimama, na ya mwisho milango ikishafungwa na kufunguka.

Kazi yenyewe ilipokuja sina neno. Nguzo mbovu alizifuata kwa kuchonga ukingo wa fremu uende na mkunjo wa plasta. Alishika penseli na kikipande cha mbao, akakiburuza ukutani kutoka juu hadi chini, mstari ukajichora kwenye fremu ukiwa na kila bonde la ukuta, akaukata, fremu ikakaa kama imemwagwa pale.

Yale meupe ya juu yeye ndiye aliyeyafunga. Dukani walinipa plagi, vile vya plastiki vya kushikia skrubu tunduni, na skrubu nyembamba, akazitazama akaniwekea mezani bila kusema kitu. Alifunga kwanza ubao mnene ukutani kwa boliti ndefu, makabati yakaning'inia kwenye ubao. Tofali za kuchoma zina laini na ngumu, anasema, huwezi kujua tundu lako limeangukia wapi, na kabati lililojaa sahani likishuka halichagui kichwa.

Nayaongelea na hayo meupe kwa haki. Yanafutika vizuri, mafuta ya kukaangia hayashiki. Mwezi wa kwanza yalikuwa na harufu ya kuwasha macho, nikaijua mara moja kwa sababu ni muuguzi: gundi ya bodi nyingi ina foromaldehaidi, na formalini ya maabara ni hiyo hiyo ndani ya maji. Nililala na madirisha ya jikoni wazi, kwa baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba, mnaelewa. Bawaba moja imeshalegea, nikajaza tundu kwa gundi na njiti za kiberiti nikarudisha skrubu. Imeshika hadi sasa.

Mwezi wa pili mwaka huu, mvua zimekolea, droo moja ya mzee ikagoma kufunguka. Nikampigia nikijua nitaambiwa kesho asubuhi. Alikuja siku hiyo hiyo na randa, akapunguza ukingo, akaondoka bila kudai hata nauli.

Mama mkwe alipokuja kutoka Tukuyu alisimama mlangoni akaangalia juu kweupe, chini kahawia, akasema jiko letu ni nusu harusi nusu matanga.

Nafasi ya nne, ya mtungi wa gesi, bado ina pazia. Mzee ameshaipima, namba ziko nguzoni, na tumekubaliana mlango uwe na matundu chini, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni. Anataka 180,000, nusu kwanza. Nimemwambia, shikamoo fundi, safari hii lete mlango ndipo uione hela.