Nimejaribu apu tatu za afya kabla ya kuwaambia wagonjwa

Mimi ni nesi kliniki ya sukari na presha huku Kayole, na wagonjwa wameniuliza mpaka basi, sista ni apu gani niweke kwa simu. Sikutaka kumpa mtu kitu sijakitumia, nikaweka tatu kwa simu yangu wiki tatu hivi. Majina nayaacha.

Ya kwanza ni ya kuhesabu chakula. Inapendeza macho, lakini tafuta ugali uone, unaletewa majibu saba na kila moja na kalori zake, ingine inasema "kikombe kimoja", sasa nani hupima ugali na kikombe jamani? Githeri haiko, omena haiko, jibini ziko aina mpaka unachoka kushukisha. Na majedwali yetu ya vyakula vya Kenya yapo tangu 2018, serikali ilitoa na FAO, lile shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, walioitengeneza hiyo apu wangeyaangalia tu. Halafu siku saba zikiisha inataka kadi ya benki, M-Pesa haijui. Nikaitoa.

Ya pili ndiyo ilinishtua. Ni ya kuandika sukari, nikaweka 9, namba tunayoiona kliniki kila siku, ikawaka nyekundu ati sukari imeshuka vibaya sana nile kitu tamu haraka nitafute msaada! Kumbe imekuja na vipimo vya Marekani, miligramu, sisi tunapima kwa mmol, yaani milimoli kwa lita, na hiyo 9 yetu kwao ni kama 162. Mahali pa kubadilisha papo lakini nilipatafuta karibu nusu saa, na mimi ndio kazi yangu. Sasa fikiria shosho ambaye sukari yake tayari iko juu anaambiwa na simu akunywe soda. Hiyo siwezi kumpa mtu kabla sijambadilishia vipimo mwenyewe hapo kwa meza.

Ya tatu haina maringo, inakukumbusha dawa, unaandika presha, maandishi makubwa, na haihitaji bando. Nimempa mzee mmoja dereva wa matatu, amerudi na presha za siku 11 kati ya 14, daktari akaziona asubuhi ziko juu jioni ziko sawa, wakaongea mambo ya saa za dawa. Shida ni hesabu ya hatua tu, inasema mzee anatembea hatua elfu kumi na nne kwa siku na ameketi kwa usukani tangu saa kumi na moja asubuhi, ni mashimo ya barabara hayo.