Umeshusha Impreza yako? Soma hii kabla hujanunua tairi

Wadau, mimi nilikosea mpangilio, nawaambia mapema ili hela yenu isiende kama yangu. Niliweka springi fupi kwenye Subaru Impreza yangu, ikashuka kama sentimita nne, ikapendeza balaa, siku ileile nikafunga tairi nne mpya maana nilitaka itoke gereji imekamilika. Alaimenti, yaani kunyoosha pembe za magurudumu, nikasema mwisho wa mwezi. Safari kadhaa za Morogoro baadaye napitisha mkono upande wa ndani wa tairi ya mbele kushoto, kitu kikanichoma kidole, kumbe waya. Ukiangalia kwa nje meno yapo yote, ungesema mpya.

Kila mtu akasema kemba, yaani tairi kwa juu zimelala kwa ndani. Kemba inachangia ndio, ila mlaji mkubwa ni too, yaani pua za tairi kuelekeana au kuachana ukitazama gari kwa juu. Ukishusha gari tairodi, zile fimbo za stelingi zinazosukuma magurudumu, zinabadili pembe, too inahama yenyewe. Piga hesabu: tairi iliyokaa kombo nusu digrii tu inaburuzwa pembeni karibu mita 9 kwa kila kilomita, na Dar mpaka Moro ni kama 190, yaani imeburuzwa zaidi ya kilomita moja na nusu huku wewe unasikiliza muziki. Kupima bila mashine, papasa tairi kwa kiganja. Ukitoka nje kwenda ndani inakwaruza kama msumeno, ukirudi laini, basi too imefunguka, pua zinaachana. Ikiwa kinyume, imeingia sana.

Kwa hiyo hela ianze kwenye bushi na boljointi, yaani mipira na viungo vya miguu ya gari, ije alaimenti, tairi mwisho. Alaimenti unaweza kupiga na tairi zako za zamani, ilimradi saizi ni moja na upepo uko sawa.

Kwa alaimenti chaguo la kwanza ni mashine inayosoma magurudumu yote manne na kukupa karatasi ya kabla na baada. La pili, usicheke, fundi mzee wa kamba na futi kama ana subira. Anayegusa mbele tu akasema tayari bosi, mwache. Mwambie aanze nyuma ndio aje mbele, na kemba kabla ya too, maana ukizungusha ile bolti ya juu kati ya mbili zinazofunga shokapu kwa chini, kurekebisha kemba, too nayo inahama. Kwa gari la mtaani mimi naomba kemba hasi (kulala kwa ndani) digrii 1 mpaka 1.5 na too karibu na sifuri. Baada ya wiki mbili rudi wapime tena, springi zinakuwa zimekaa.

Haya, tairi. Yangu inavaa 205/55R16, yaani upana milimita 205, ukuta asilimia 55 ya upana, rimu inchi 16, na hiyo ndio namba moja kwangu, mpya, alama 91V, ile ya uzito na spidi inayobeba. Ukuta wake una sentimita 11 na ushei, shimo halifiki kwenye rimu. Ukiweza Yokohama au Bridgestone sawa, usipoweza chukua ya Kichina mpya yenye tarehe ya karibuni, mimi naiamini kuliko mtumba wa jina kubwa.

Namba mbili 215/45R17, rimu ya 7J hadi 8J, yaani upana wa inchi 7 hadi 8. Kipenyo kinapungua milimita 7 tu kwa hiyo spidomita haidanganyi sana, na kona inakata vizuri zaidi. Ila matuta utayasikia mgongoni.

Mtumba nauweka wa tatu, kwa shingo upande. Soma tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019, mimi nikiona imepita miaka mitano naondoka hata kama meno yamejaa. Halafu hii Subaru inavuta magurudumu yote, tairi nne lazima zilingane, mzunguko ukipishana zaidi ya milimita 6 hivi unaua difu ya kati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, na difu sio bei ya tairi. Muuzaji akikwambia "mbili mbili tu mkuu hazina shida" mwambie asante.

225/40R18 ni ya picha. Ukuta sentimita 9, shimo moja usiku tairi imetoa nundu.

Na mwisho kabisa kuvuta tairi nyembamba ya 205 kwenye rimu pana ya 9J. Hiyo tairi mwisho wake ni 7.5J, ukizidisha siku upepo umepungua inachomoka kwenye rimu ukiwa kwenye kona. Sina zaidi.

Kitu kimoja cha rimu mpya: ukipiga balansi mara tatu na stelingi bado inatetema kwenye spidi 90, angalia tundu la katikati. La Impreza ni milimita 56.1, rimu nyingi za dukani zina tundu kubwa zaidi, zinataka ringi ya kuziba pengo.

Zile tairi zangu mbili za waya nilimpelekea jamaa anayeshona katambuga. Akazigeuza, akapitisha kidole, akanirudishia.