Matembezi ya kumtafuta bundi wa Sokoke: nyota nne

Jumamosi nilimpeleka mama mdogo msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya. Tangu nimjue, bundi akilia karibu na nyumba yake, usiku huo halali.

Kiongozi wetu alituweka dakika arobaini langoni Gede bila hata kupiga simu. Nyota moja imeondoka hapo. Mengine yote namsifu.

Tulipita kwenye miti ya mirihi, mchanga mweupe kama wa ufuoni. Udongo ulipogeuka mwekundu kiongozi akamwambia dereva azime gari. "Mama, kwao ni hapa. Kule mchangani humpati." Bundi huyu hukaa kwenye vichaka vizito vya udongo mwekundu, ndiyo maana hapatikani ila sehemu chache za pwani yetu na miguuni mwa Usambara Mashariki, Tanzania. Wanasayansi wenyewe walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1966 tu.

Tuliingia kwa kuinama, miiba ikivuta leso ya mama mdogo. Kiongozi akasimama, akamwomba achutame. Mimi niliona majani makavu. Kisha nikawaona: wawili, wamebanana kwenye tawi usawa wa kifua changu, mmoja kijivu, mwenzake rangi ya kutu. Ni ndege wa aina moja, rangi zao ni tatu, na ya tatu ni kahawia. Sentimita 16 hivi, uzito haufiki yai kubwa la kuku. Yule wa kutu akafumbua jicho la manjano, akatutazama, akalifumba.

"Huyu mdogo hivi anakula nini, mwanangu?"

"Wadudu, mama."

Mgeni mmoja tuliyekuwa naye alitaka kuwachezea mlio wa bundi kwenye simu ili wageuke. Kiongozi alikataa kwa adabu, akakataza na mwanga wa kamera, na baada ya dakika tano akatutoa. Kwa hilo peke yake ningerudi kwake. Ndege huyu yuko hatarini kutoweka, na msitu wake unakatwa: njiani tulihesabu visiki vinne vya muhuhu, mti wa wachonga vinyago.

Giza lilipoingia wakaanza wenyewe: kuk, kuk, kuk, taratibu. Mama mdogo alikaa kimya akisikiliza mpaka wakanyamaza.

Elewaneni bei mapema kwenye simu. Sisi hatukuongezewa hata shilingi. Kiingilio cha msitu hulipwa kando. Vaa suruali ndefu na viatu vya kufunika, na beba tochi yako.