Kula Vietnam kutoka Hanoi hadi Saigon: chakula gani, mji gani, saa ngapi

Mgahawa mzuri Vietnam huuza chakula kimoja. Ubao wa nje una jina moja, sufuria inachemka mlangoni, vigoda vya plastiki vimejaa wenyeji, na mpishi hana haja ya kukuuliza unataka nini. Ukiona menyu ya kurasa kumi yenye picha na lugha nne, pita. Anayepika vyakula sitini hana supu iliyokaa jikoni usiku kucha, na bei yake mara nyingi ni maradufu ya jirani. Kwa kula barabarani, kipimo hiki ni bora kuliko nyota za mtandaoni.

Kipimo cha pili ni saa. Supu ya asubuhi huanza kuuzwa saa kumi na mbili na nyingi zimeisha saa tatu au nne. Vyakula vya kuchoma juu ya mkaa ni vya mchana, saa tano hadi saa nane. Ukifika umechelewa utaambiwa "hết rồi", yaani vimekwisha, na hilo halina mjadala. Bei huandikwa kwa kufupishwa: 50 au 50k ni dong 50,000, na dola moja ya Marekani ni zaidi kidogo ya dong 25,000. Tazama vizuri noti unayotoa, kwa sababu ya 20,000 na ya 500,000 zote ni za buluu, na jioni penye taa hafifu hufanana kabisa.

Hanoi ndiyo mahali pa kuanzia, na phở ndiyo ya kwanza. Ni supu ya mifupa ya ng'ombe inayochemshwa polepole kwa saa nyingi, pamoja na tangawizi na vitunguu vilivyochomwa kwanza motoni mpaka ganda likawa jeusi, mdalasini, anisi ya nyota na iliki nyeusi. Ndani yake kuna tambi bapa za mchele na nyama iliyokatwa nyembamba. Supu iliyopikwa vizuri ni angavu, unaona tambi chini ya bakuli. Ikiwa na ukungu, moto ulikuwa mkali na povu halikuenguliwa. Ikiwa tamu ya kung'ang'ania ulimini, huenda kilichofanya kazi ni unga wa kukoleza (MSG), si mifupa. Unga huo Hanoi huitwa mì chính, kusini bột ngọt. Ukisema "không mì chính" wasikutilie, watakuelewa, ila ule uliokwisha kuingia kwenye sufuria hautoki.

Agiza kwa kutaja nyama. Tái ni nyama mbichi iliyopasuliwa nyembamba kama karatasi, inayoiva kwa kumwagiwa supu ya moto. Chín imeiva kabisa, nạm ni ya ubavu, gầu ni kidari chenye mafuta. Tái ni tamu na laini, lakini inategemea supu inayochemka wakati inamwagwa. Nyama ikifika mezani bado ni nyekundu katikati, izamishe chini ya tambi na usubiri dakika moja. Mwenye tumbo jepesi achague chín. Onja supu kabla ya kutia chochote. Kisha weka kijiko kidogo cha siki ya kitunguu saumu, halafu pilipili. Vijiti vya unga vilivyokaangwa, quẩy, huweza kuwekwa mezani bila kuagizwa na hutozwa ukivila, sawa na kitambaa cha maji kilichofungwa kwenye plastiki. Hapo hakuna wizi, ndiyo desturi. Bakuli ni dong 40,000 hadi 70,000.

Ukiila phở Saigon (kwenye ramani Ho Chi Minh City) utadhani ni chakula kingine. Supu ni tamu zaidi, na inakuja na sahani ya majani mabichi, choroko zilizochipua, ndimu na michuzi miwili. Wengi huharibu bakuli kwa kumimina mchuzi mzito mweusi ndani ya supu. Uweke kwenye kisahani pembeni, chovya nyama, uache supu kama mpishi alivyoitoa. Kwa maoni yetu ya Hanoi inashinda, kwa kuwa haina pa kujificha.

Sasa nguruwe, kwa kuwa wasomaji wengi wa Kiswahili hawali, na majina ya vyakula vya Vietnam hayasemi kila kilichomo. Kwanza jifunze maneno mawili, si moja: kaskazini nguruwe ni lợn, katikati na kusini ni heo. Sema "tôi không ăn thịt lợn" ukiwa Hanoi na "tôi không ăn thịt heo" ukiwa Saigon, na kwa kuwa lugha hii hubadili maana kwa mpando na mshuko wa sauti, iandike kwenye simu uonyeshe. Bún chả, chakula cha mchana kipendwacho sana Hanoi, ni kitimoto ya mkaa ndani ya mchuzi wa samaki, siki na sukari. Nacho angalau kinajulikana. Hatari iko kwa vilivyofichika. Bún bò Huế ina neno bò, ng'ombe, lakini bakuli la kawaida lina pia mguu wa nguruwe na vipande vya damu iliyogandishwa. Bánh mì hupakwa pate ya ini la nguruwe hata ukiagiza ya kuku au yai, mpaka useme "không pa tê". Majani ya vitunguu yanayong'aa juu ya wali, mỡ hành, huweza kuwa yamekaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Baadhi ya masufuria ya supu ya ng'ombe huongezewa mifupa ya nguruwe. Ubao ulioandikwa thịt chó au thịt cầy ni nyama ya mbwa.

Njia salama ni tatu. Neno chay kwenye ubao maana yake hapaliwi nyama kabisa. Migahawa hiyo ya Kibuddha iko kila mji, bei ni ndogo, na siku ya 1 na ya 15 ya mwezi mwandamo hujaa hadi nje. Ya pili ni samaki na kamba. Ya tatu, kwa anayeshika uchinjaji wa halali, ni kutafuta misikiti: Hanoi uko mmoja, Al-Noor, mtaa wa Hàng Lược, na Saigon upo wa mtaa wa Đông Du uliojengwa 1935, wenye migahawa ya halali jirani.

Kwa asiyekula nguruwe, chakula cha kutokosa Hanoi ni chả cá. Ni samaki wa mtoni mwenye mnofu mnene, aliyelazwa kwenye manjano na khulanjani, akachomwa kidogo, kisha akaletwa kwenye kikaango mezani juu ya moto. Wewe ndiye unayemalizia: tia fungu kubwa la majani ya vitunguu na majani membamba ya thì là yenye harufu karibu na ya shamari, geuza kwa dakika moja tu, pakua juu ya tambi, nyunyiza karanga. Majani yakikaa zaidi hulegea na kutoa maji, na samaki anachemka badala ya kukaangika. Mchuzi wake ni mắm tôm, uduvi waliosagwa na kuchachushwa, wa rangi ya zambarau na harufu kali mno. Kamulia ndimu, tia sukari kidogo, koroga mpaka utoe povu. Kama harufu imekushinda, omba nước mắm, mchuzi wa samaki. Mtu mmoja hulipa 150,000 hadi 200,000, ghali kwa kipimo cha barabarani, na inastahili.

Kahawa ya Hanoi nayo ina chakula ndani yake. Cà phê trứng ni kiini cha yai kilichopigwa na maziwa mazito ya kopo mpaka kikawa povu zito, juu ya kahawa kali. Ilianzishwa na Nguyễn Văn Giảng mwaka 1946 maziwa yalipokuwa adimu, na duka la familia, Giảng, bado linauza. Kikombe huwekwa ndani ya bakuli la maji ya moto. Usikitoe, ndiyo yanayozuia povu kushuka. Kahawa ya nchi hii kwa sehemu kubwa ni robusta, mmea wenye asili ya Afrika, ndugu wa kahawa ya Bukoba na Uganda. Ukiikuta chungu mno bila maziwa usishangae: hukaangwa mpaka iwe nyeusi, ikatarajiwa kukutana na sukari. Kahawa ya maziwa na barafu Hanoi ni nâu đá, Saigon ni cà phê sữa đá.

Reli kutoka Hanoi hadi Saigon ni kilomita 1,726, na kituo kinachostahili kushukia kwa ajili ya tumbo ni Huế. Ulikuwa mji wa wafalme wa Nguyễn kuanzia 1802 hadi 1945, na mapishi yake yamebaki madogomadogo na yenye pilipili. Bún bò Huế, kwa anayeila, ndiyo supu kamili kuliko zote: mchaichai, uduvi wa kuchacha, pilipili, tambi nene za duara. Asiyeila aende kwenye bánh bèo, visahani vya uji wa mchele ulioganda kwa mvuke, juu yake kamba waliosagwa. Mwambie mwuzaji asitie vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa, tóp mỡ. Visahani kumi ni vya kuanzia tu. Cơm hến, wali na kombe wadogo wa mtoni, huliwa asubuhi. Wali wake kwa desturi huwa umepoa, kwa hiyo chagua kibanda chenye foleni.

Hội An ni mji mzuri wa kutazama na ghali zaidi wa kula. Haina kituo cha treni. Unashuka Đà Nẵng, kilomita kama 30. Cao lầu, tambi ngumu kidogo zilizolowekwa kwenye maji ya majivu, ni ya mji huu na nyama yake ni nguruwe. Kilicho bora hapa, na kinachosahauliwa, ni cơm gà: wali uliopikwa kwa supu ya kuku na manjano, kuku wa kuchambuliwa kwa mkono, kitunguu na majani ya rau răm. Tafuta vibanda vilivyo nje ya mitaa ya watalii yenye mapambo ya taa. Mì Quảng ya kuku nayo ni nzuri: tambi pana, mchuzi kidogo tu chini ya bakuli, karanga na papari ya mchele ya kuvunjia juu. Usiombe waongeze supu. Huo uchache wa mchuzi ndio unaoitofautisha.

Kusini nazi inaingia jikoni, na mtu wa pwani atajikuta nyumbani. Bánh xèo ni unga wa mchele, manjano na tui, unaomiminwa kwenye kikaango cha moto mkali mpaka ulie. Jina limetokana na mlio huo. Ni kama chapati ya maji iliyokauka kingo, ndani kamba na choroko zilizochipua. Sema "chỉ tôm thôi", kamba tu. Kata kipande, funga ndani ya jani la saladi pamoja na mnanaa na rehani, chovya. Ikifika imelegea katikati, kikaango hakikupata moto au imesubiri mezani kwa jirani. Hii huliwa dakika ileile.

Mchuzi wa kuchovya ni kipimo cha jiko zima. Kwa kijiko kimoja cha nước mắm tia kimoja cha sukari, kimoja cha ndimu na vitano vya maji, kisha kitunguu saumu na pilipili. Nước mắm ya kisiwa cha Phú Quốc hutengenezwa kwa dagaa sehemu tatu na chumvi sehemu moja, ikakaa kwenye mapipa ya mbao karibu mwaka. Ukinunua ya kwenda nayo nyumbani soma lebo: viwe vitu viwili, cá cơm na muối, dagaa na chumvi. Namba ya độ đạm, kiasi cha nitrojeni itokanayo na protini, inaonyesha ukolezi wake. 40 ni ya kuchovya, iliyo chini ya 30 inatosha kupikia. Kabla ya kuifungasha uliza kampuni ya ndege, maana nyingine huikataa hata kwenye begi la chini.

Kuhusu tumbo, supu inayochemka si tatizo. Tatizo ni majani mabichi, kwa sababu usalama wake unategemea maji yaliyoyaosha. Siku mbili za kwanza yatumbukize kwenye supu ya moto. Barafu ya vipande vya duara vyenye tundu katikati hutoka kiwandani. Iliyopondwa kutoka kwenye bonge ndiyo ya kuepuka, hasa kwenye juisi ya miwa, nước mía, inayofanana na ya Forodhani isipokuwa hukamuliwa pamoja na ndimu ndogo za machungwa. Tiết canh, damu mbichi iliyogandishwa, usiiguse hata ukikaribishwa kwa heshima: ya nguruwe imeambukiza watu bakteria zinazosababisha homa ya uti wa mgongo. Mwenye mzio wa karanga akumbuke kwamba kaskazini ni lạc na kusini ni đậu phộng, na karanga zilizopondwa hunyunyizwa bila kuuliza.

Soko la boti la Cái Răng, kilomita 6 kutoka Cần Thơ, mji wa delta ya Mekong, limepungua tangu barabara zipate nguvu, na anayefika saa mbili asubuhi huona boti za watalii tu. Toka saa kumi na moja alfajiri kwa boti ndogo. Kila muuzaji hutundika sampuli ya bidhaa yake kwenye mti mrefu, nanasi au boga, ukaiona toka mbali. Hủ tiếu, supu ya tambi, inayouzwa kwenye boti mara nyingi ina nguruwe.

Kwa Mwislamu, safari iishie Châu Đốc, mpakani na Kambodia, si Cần Thơ. Vijiji vya Wacham Waislamu viko ng'ambo ya mto Hậu. Huko kuna tung lò mò, soseji ya ng'ombe yenye uchachu inayochomwa kwenye mkaa, na cơm nị cà púa, wali wa viungo na ng'ombe wa nazi, ambao mlaji wa pilau hahitaji kuelezwa.